Mdogo wangu amefia mahabusu hapa Moshi. Tumeletewa bahasha ya rambirambi na karatasi ya kusaini. Tufanyeje?

DadaWaPasua aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa bado na uchungu, mtanivumilia nikirudia maneno.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka 26, dereva bodaboda, kijiwe chake Kiboriloni. Ijumaa jioni alichukuliwa kijiweni na watu wa difenda (gari la polisi) kwa tuhuma za pikipiki ya wizi. Wenzake walinifuata Mbuyuni sokoni nikiwa nafunika magunia (nauza mchele na maharage). Nikaenda kituoni usiku ule ule. Sikuruhusiwa kumuona. Nikaambiwa anahojiwa, nirudi asubuhi na chai.

Asubuhi niliamka saa kumi na moja nikakanda unga. Nikampikia chapati mbili na chai ya rangi yenye tangawizi, kwa sababu tangu mtoto hakuwa mtu wa maziwa. Nikafika kaunta saa mbili kasorobo. Askari akapokea hotipoti na chupa ya chai, akaniambia, "Acha hapo, atapewa." Nikakaa kwenye benchi la nje. Nilikaa hadi saa tano. Ndipo nikaitwa ndani na kuambiwa kwamba aliugua ghafla usiku, wakamkimbiza hospitali, akafariki.

Sasa sikilizeni hili. Tulipokwenda mochwari na mjomba, nilichungulia kitabu cha kupokelea miili. Mwili wake umeandikwa kuingia saa kumi alfajiri. Nilipokuwa nawasha jiko la mkaa, mdogo wangu alikuwa tayari kwenye jokofu. Na yule aliyepokea chai yangu aliipokea ya marehemu. Hotipoti nilirudishiwa jioni, haijafunguliwa.

Uchunguzi wa mwili ulifanyika na mjomba alisimama kwa niaba ya familia. Akaambiwa kwa mdomo kwamba ni moyo. Karatasi hatukupewa, na hadi leo hatuna. Lakini siku ya kumvalisha nilikuwepo mimi na wifi yangu, mke wa marehemu. Tulipomvua soksi alizovalishwa tukaona nyayo. Zote mbili zimevimba, zina rangi ya zambarau iliyokolea, na ngozi ya kisigino imepasuka. Wifi alilia hadi akakalishwa nje kwa sababu ana mimba ya miezi sita. Mimi nilitoa simu nikapiga picha nne. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Tulimzika Kibosho kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha baba, leo ni siku ya kumi na moja. Siku tunaanua tanga walikuja watu wawili wamevaa kiraia, wameongozana na mwenyekiti wa mtaa. Wakasema wametumwa kutoa pole. Wakaweka mezani bahasha ya shilingi milioni 2 na karatasi moja iliyochapwa, ina mistari sita, inasema familia imepokea rambirambi, imeridhika na maelezo ya kifo, na haitakuwa na madai yoyote sasa wala baadaye. Pameachwa nafasi za sahihi tatu: ya mjane, ya mama na ya msimamizi wa familia.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo msemaji wa familia ni baba mdogo. Yeye anataka tusaini. Simlaumu. Msiba umekula shilingi 1,900,000 na jeneza amelikopa yeye. Anasema mkono wa serikali ni mrefu, na marehemu hatarudi. Mama hasemi kitu. Nimewaomba wanipe hadi wiki ijayo. Bahasha ipo kwa mwenyekiti wa mtaa, haijafunguliwa.

Mimi ni mtu wa soko, nimezoea kuandika. Nimechukua kaunta buku nikaandika alichokuwa anaingiza. Kwa siku alikuwa anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwenye pikipiki na yeye anabaki na 12,000, siku nzuri 15,000. Chumba Pasua 40,000 kwa mwezi. Alikuwa anampelekea mama 20,000 kila Jumamosi, bila kukosa, hata wiki ya mvua. Mtoto wake wa kwanza ana miaka minne, ameanza chekechea Januari. Nikazidisha mama peke yake: 20,000 mara wiki 52 ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ile bahasha haimalizi hata miaka miwili ya mama, na hapo sijamgusa mjane wala watoto.

Naomba mnisaidie. Hiyo rambirambi ndiyo fidia yenyewe, au fidia ni kitu kingine? Kuna kiwango kilichowekwa na sheria mtu akifia mikononi mwa polisi? Na tukikataa kusaini, tunaanzia wapi watu kama sisi?

Mzee_Ngaramtoni alijibu:

Mwanangu, pole. Mpe mama pole yangu, mwambie ni ya mzazi mwenzake.

Nakujibu kwa sababu mimi nilisaini. Kijana wangu alitoka nyumbani mwaka 2012 akiwa mzima, akafia selo huko huko Arusha, kituo sikitaji. Waliniletea milioni moja na nusu. Nilisaini nikiwa nimesimama, karatasi juu ya boneti ya gari, na sikubakiwa na nakala. Miaka miwili baadaye mke wangu alinisukuma niende kwa wakili. Yule wakili akaniuliza vitu vinne: cheti cha kifo, ripoti ya daktari aliyepasua mwili, siku na saa kijana alipoandikwa kituoni, na nilichosaini. Nilikuwa na cheti cha kifo tu. Akanisikiliza vizuri, akakataa kunitoza pesa, akaniambia, "Mzee, ungekuja ile wiki ya kwanza."

Pesa ile niliifanyia nini? Nililipa deni la mahindi ya msiba na kununua ndama wawili. Mmoja alikufa kwa ndigana.

Nataka nikuambie neno la kwetu. Sisi Waarusha, kama ndugu zetu Wamaasai, tunajua kulipana damu. Mwanamume akiuawa, hesabu inayotajwa na wazee ni ng'ombe 49. Watu wa nje wakisikia hivyo hudhani tunauza maiti. Ng'ombe si jambo la kwanza. La kwanza ni upande uliotoa damu kuja, kukaa chini mbele ya wazee, na kusema: ni sisi. Wasiposema hilo, hakuna anayepokea hata mbuzi. Bahasha yako imekuja bila neno hilo. Imekuja na karatasi inayotaka wewe ndiye useme umeridhika. Ndiyo maana mimi miaka yote hii moyo wangu haujatulia, na si kwa sababu pesa ilikuwa kidogo.

Usisaini, mwanangu. Na zile picha za nyayo zipeleke leo hii kwa watu wengine wawili unaowaamini, simu yako isije ikaibiwa.

Wakili_Kaloleni alijibu:

Dada, pole sana kwako na kwa familia. Mimi ni wakili, ofisi ipo Arusha lakini mara nyingi nipo Moshi mahakamani. Nitajibu kwa urefu.

Rambirambi si fidia. Ni pole, kama ile ya majirani waliochanga. Fidia ni haki inayodaiwa kwa kosa lililofanyika, na hapa Tanzania hakuna kiwango kilichochapwa kwamba kifo cha mahabusu ni shilingi kadhaa. Kiasi hupangwa na mahakama kwa ushahidi, au kwa makubaliano yaliyoandikwa. Kwa hiyo kaunta buku yako, ambayo pengine baba mdogo anaiona ni kujitesa, ndiyo nyaraka muhimu kuliko zote ulizonazo baada ya zile picha. Endelea kuiandika. Mtafute mwenye pikipiki akuandikie kwamba alikuwa anapokea hesabu kila siku. Kama Jumamosi zile mama alikuwa anatumiwa kwa simu, mchukulie taarifa ya miamala.

Madai yako yana sehemu mbili, na watu wengi huisahau ya pili. Ya kwanza ni ya waliokuwa wanamtegemea: mjane, watoto, mama. Huyo aliye tumboni mwandikeni pia, msimwache. Hii inatoka kwenye sheria tuliyorithi ya ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 310, na pamoja na jina lake haihusu ajali za barabarani tu. Inahusu kifo chochote kilichosababishwa na kosa au uzembe wa mwingine. Sehemu ya pili ni ya marehemu mwenyewe. Maumivu aliyoyapata kabla hajafa yalimpa haki ya kudai, na haki hiyo haikuzikwa naye. Inaingia kwenye mirathi yake. Zile nyayo, dada, ni dai lake yeye.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni mirathi. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mpendekeze msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo. Chagueni mtu ambaye hawezi kuitwa pembeni akasaini kitu peke yake. Mjane anaweza kuwa msimamizi. Cheti cha kifo mfuatilie RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, na msome kilichoandikwa kwenye sababu ya kifo kabla hamjaondoka dirishani.

Pili ni uchunguzi wa kifo mahakamani. Tuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ya mwaka 1980. Mtu akifa akiwa chini ya ulinzi wa polisi au gerezani, kifo hicho kinapaswa kupelekwa kwa korona, ambaye kwa kawaida ni hakimu, naye anaita mashahidi na kuuliza: nani kafa, lini, wapi, kwa sababu gani. Si kesi ya jinai, hakuna mshtakiwa. Lakini ni mahali ambapo daktari anaapishwa na askari wa zamu anaulizwa mchana kweupe ni saa ngapi alipokea chai na kwa ajili ya nani. Kwa vitendo uchunguzi huu haufanyiki mara nyingi, na sababu mojawapo ni kwamba familia hazijui kuuomba. Ombeni kwa barua, mpate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Kwenye barua hiyo hiyo ombeni ripoti ya uchunguzi wa mwili.

Tatu ni kuishtaki Serikali kwa madai. Huwezi kwenda moja kwa moja. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka utoe notisi ya siku 90 kwa wizara au idara inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikiisha, unafungua Mahakama Kuu, na kwa kuwa tukio ni la Moshi, masjala ya Moshi ipo hapo hapo. Tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Ukimwacha, kesi inaharibika. Nimeona familia zimepoteza miaka kwa kosa hilo moja.

Muda sasa. Madai ya kawaida ya madhara yana ukomo wa miaka 3. Lakini Sheria ya Ukomo ina kipengele cha mwaka 1 kwa fidia ya jambo lililofanywa kwa kudai kutekeleza sheria, na upande wa Serikali hupenda kukishika hicho. Jihesabieni mwaka mmoja, na kumbuka siku 90 za notisi zinakula humo humo. Kwa hiyo notisi itoke mwezi huu au ujao, msisubiri arobaini.

Namba za vifungu nimeziacha makusudi. Toleo la Urekebu la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha namba nyingi, na mtu akikunukulia kifungu cha zamani kwenye barua atakuaibisha.

Mwisho, ile karatasi. Msiichane. Ombeni nakala, au angalau ipigeni picha. Mtu anayetaka usaini kwamba umeridhika na maelezo, wakati maelezo yenyewe hujapewa, amekuachia ushahidi.

Kijana_wa_Majengo alijibu:

Dada poleni sana. Marehemu nilimfahamu kwa sura, alikuwa ananibeba.

Lakini nitasema tofauti, mnisamehe. Wale wafanyabiashara wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar mwezi Januari 2006. Ofisa wa polisi aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale alitiwa hatiani na Mahakama ya Rufani mwaka 2016. Miaka 10, na kesi ilikuwa kwenye magazeti yote nchi nzima. Hii ya kwetu ya Kiboriloni nani ataiandika? Mjane anajifungua baada ya miezi mitatu. Mtoto anakula leo, hali hukumu. Chukueni milioni mbili, lipeni jeneza, shemeji afungue genge. Kama ni haki, Mungu anaona.

Halafu kuna usalama. Wewe unauza sokoni, kila mtu anakujua unapokaa.

DadaWaPasua alijibu:

Mdogo wangu wa Majengo, nimekuelewa na sijakasirika. Uliyosema kuhusu wifi ndiyo yananikosesha usingizi. Jana alikuwa na shilingi 3,000 ndani. Nimempelekea kilo tano za mchele na maharage, na wenzake wa kijiwe wamekubaliana kila mmoja atoe 500 kwa siku hadi ajifungue. Ni pikipiki 31. Nimewafungulia ukurasa kwenye kaunta buku.

Lakini genge la milioni mbili analifungua akiwa amesaini kwamba ameridhika. Mtoto huyu akifika darasa la saba akauliza baba alikufaje, wifi atamwonyesha ile karatasi? Mimi siwezi kuridhika na maelezo ambayo sijaelezwa. Wakinieleza ukweli, nikaujua, labda nitapokea hata kidogo.

Kuhusu usalama naogopa. Sitadanganya.

MamaWaUsaRiver alijibu:

Dada, mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Nimekaa na wajane wengi, kwa hiyo nitaongea ya chini kabisa.

Usiende mahali popote peke yako. Barua peleka na mtu, na umwandike jina lake kwenye daftari lako pamoja na saa mliyofika na nani amepokea. Wifi yako asiitwe kituoni kutoa maelezo bila mtu wa kukaa naye. Ana haki ya kusema, "Nitakuja na wakili wangu," na aseme hivyo kwa heshima.

Pesa ya wakili isiwatishe. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watu wasio na uwezo wanasaidiwa bure. Hapo Moshi mjini wapo KWIECO, wamesaidia wanawake wa Kilimanjaro muda mrefu, hasa mambo ya mirathi, na mjane wenu anaanzia hapo vizuri kabisa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana ofisi Arusha. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo, kwa barua tu. Tume haiwezi kumfunga mtu, inachunguza na kupendekeza, lakini barua yake ikifika mahali watu hujibu tofauti.

Na yule mwenyekiti wa mtaa mwandikieni kwamba bahasha hamjaipokea. Msiiache kwake hivi hivi bila maandishi. Kesho itasemwa mliipokea.

Nairobi_Namanga alijibu:

Pole sana dadangu kutoka huku mpakani. Sisi Kenya tunayajua haya. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi kituo cha Central, Nairobi. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Daktari aliyepasua mwili ndiye aliyesema majeraha yale hayaendani na mtu kujigonga. Bila ile ripoti ya daktari tungekuwa bado tunaambiwa ukuta. Huku tuna IPOA, chombo cha kuchunguza polisi kilichoundwa kwa sheria ya 2011, na pamoja na hayo familia bado zinahangaika. Kwa hiyo ripoti ya daktari, ripoti ya daktari. Usichoke kuidai.

Swali langu kwa wakili: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu si iko hapo hapo Arusha? Asiende tu?

Wakili_Kaloleni alijibu:

Iko Arusha ndiyo, na watu huniuliza hivyo kila wiki. Uchungu ni kwamba Novemba 2019 Tanzania iliondoa lile tamko linaloruhusu mwananchi au asasi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja, na uondoaji ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Kesi mpya ya mwananchi dhidi ya Tanzania haipokelewi kwa njia hiyo. Mtu wa Kijenge anaweza kupita mbele ya geti lake kila siku na asiweze kuingia na shauri lake.

Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ipo Arusha, bado iko wazi kwa mwananchi. Lakini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unakupa miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulipolijua. Dada yupo siku ya kumi na moja, kwa hiyo mlango huo haujafungwa, ingawa si wa kuukimbilia bila mtu aliyewahi kuupita. Mahakama ile inaangalia kama nchi imevunja mkataba, mambo ya utawala wa sheria; si ile ya kukaa kupiga hesabu ya Jumamosi za mama.

Kwa Kijana wa Majengo: ile ya 2006 ilikuwa jinai, na jinai inataka ithibitishwe bila shaka yoyote ya maana. Madai yanapimwa kwa uzito wa ushahidi, nani anaaminika zaidi. Dada hahitaji kumtaja askari aliyeshika fimbo. Kijana alichukuliwa kijiweni Ijumaa akiwa mzima mbele ya wenzake, akatoka kituoni amebebwa kabla ya alfajiri ya Jumamosi. Aliyekuwa na funguo za selo ndiye mwenye kueleza. Kukosa mtuhumiwa wa jinai hakuzuii madai. Na Januari 2022 Mtwara, askari polisi saba walishtakiwa kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini. Si kweli kwamba hawafikishwi kabisa.

Ugumu upo, na ni huu. Hata ukishinda, mali ya Serikali haikamatwi na dalali kama duka la mtu binafsi. Mahakama inatoa hati, inapelekwa wanaohusika na malipo, mnasubiri na kufuatilia. Lakini kabla ya kufika huko kila kesi ya madai inapitia usuluhishi, na pale makubaliano ya kweli yanaweza kupatikana, yameandikwa, mna wakili, kiasi kimejadiliwa. Mkifika hapo mkiwa na ripoti, picha na kitabu cha mochwari, hakuna atakayetaja milioni mbili.

Mwanafunzi_Sakina alijibu:

Shikamooni wakubwa. Nasoma sheria mwaka wa tatu. Kuna kesi ya India tulifundishwa, nimeshindwa kukaa kimya. Desemba 1987 huko Orissa, polisi walimchukua kijana wa miaka 22 nyumbani kwao kwa tuhuma za wizi. Kesho yake mwili ukaokotwa kwenye reli. Polisi wakasema alitoroka akagongwa na treni. Mama yake, Nilabati Behera, hakuwa na wakili. Aliandika barua tu, mwaka 1988, akaituma Mahakama ya Juu, na mahakama ikaipokea barua hiyo kama shauri. Mwaka 1993 ikaamuru serikali ya jimbo imlipe rupia 150,000, ikasema fidia hiyo inatokana na kuvunjwa kwa haki ya kuishi, na Serikali haiwezi kujificha nyuma ya kinga yake.

Si sheria ya kwetu, najua. Ila Katiba yetu Ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi, na ya 13 inakataza mtu kuteswa. Yule mama naye alibeba chakula kituoni. Ndiyo maana nimekumbuka.

DadaWaPasua alijibu:

Asanteni. Mdogo wangu wa Sakina, nimemsomea mama ulichoandika. Ameniambia nirudie pale pa barua. Nikarudia. Ndiyo mara ya kwanza ameuliza kitu tangu mazishi: "Aliandika mwenyewe?"

Niwaambie nilipofikia. Juzi nilikwenda hospitali na mjomba na kaka mmoja wa kijiweni, tumepeleka barua ya kuomba ripoti, tumegongewa muhuri. Leo asubuhi tumepeleka nyingine mahakamani, ya kuomba korona. Karani aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akarudi, akaipokea. Saa nne na dakika ishirini, nimeandika. Mwenyekiti wa mtaa tumemwandikia kwamba bahasha hatujaipokea. Alinuna lakini amesaini. Picha za nyayo zipo kwa watu watatu sasa. Wifi anaonana na wanasheria Alhamisi, nitamsindikiza, duka atakaa binti yangu.

Limebaki la baba mdogo. Nimemwonyesha hesabu zangu, akaziangalia muda mrefu, akasema hesabu ni nzuri ila sisi ni watu wadogo. Kikao cha ukoo ni Jumapili baada ya misa ya pili, Kibosho, nyumbani. Hapo ndipo itaamuliwa nani msimamizi na kama tunasaini. Mimi ni mwanamke na ni mdogo kwake, naweza kuongea nikasikilizwa au nisisikilizwe.

Shikamoo baba wa Ngaramtoni. Najua nakuomba jambo kubwa na hatujuani. Ungeweza kuja siku hiyo ukamwambia mwenyewe yale ya boneti ya gari? Mzee kwa mzee atakusikia. Nauli ya kosta hadi Moshi na kurudi nitakupa, na nitakupokea stendi.

Mzee_Ngaramtoni alijibu:

Marahaba mwanangu. Nitakuja na mke wangu, yeye anakumbuka zaidi kuliko mimi. Nauli tunayo. Niandikie tu jina la kituo cha kushukia, na umwambie mama asichinje kitu.